Mbuzi Aliyekula Tiketi

Kitabu hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa tano, pembe zake zimejikunja, karatasi zimeshika harufu ya usipa, maana kilikuwa kinakaa kwenye ndoo moja na nyuzi, maboya na sindano za kushonea nyavu. Mwenye ndoo, mvuvi wa makamo, alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake juu kidogo ya ufukwe wa Mbamba Bay, jua likishukia upande wa Malawi, na binti yake wa miaka sita au saba amejibanza ubavuni pake. Alikuwa akimsomea. Alisoma kwa ile sauti ambayo wengi wetu tunaitumia kusomea barua ya halmashauri: neno baada ya neno, hakuna kukosea, hakuna kupumua. Habari yenyewe ilikuwa ya mbuzi aliyepanda basi. Kwenye picha kondakta ametoka kijasho, anapekua mifuko ya koti lake, abiria wamenyoosha mikono mitupu kuapa kwamba walikwisha kulipa. Na mbuzi ametulia kiti cha dirishani, anatazama nje kwa heshima zote, ncha ya tiketi imemtokeza mdomoni. Mtoto akaangua kicheko. Baba alikuwa bado mstari wa pili. "Subiri mwanangu," akamwambia, "hatujafika huko." Hakusubiri. Akaweka kidole kwenye mdomo wa mbuzi, baba akafuata kidole, akanyamaza kitambo, kisha kikamtoka kicheko cha kifuani, kile cha kumfanya mtu ashike mbavu. Halafu akainua kichwa, akatazama huku na huku: kwenye vichanja vya jirani, kwenye njia ya kwenda bandarini. Alikuwa anaangalia kama kuna mtu amemwona.

Mimi nilimwona. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, ingawa nilikuwa nimevaa kandambili.

Tuanze na kidole cha mtoto. Katika karibu kila jambo la nyumbani, mzazi ndiye anayefika kwanza. Anajua mvua itanyesha, anajua unga umebaki kiasi gani, anajua mgeni aliyekaa sebuleni amekuja kudai. Mtoto huletewa habari zikiwa zimekwisha kupoa. Kwenye kitabu cha vichekesho chenye picha mambo hugeuka: asiyejua kusoma anafika kwanza, na mwenye kusoma anachechemea nyuma yake akiburuta herufi. Mchoraji mjanja anajua hivyo, naye humwachia mtoto siri. Maneno yanasema mbuzi alikaa kwa adabu safari nzima. Picha inaonyesha adabu yenyewe. Maneno yanasema kondakta hakujua tiketi zilikokwenda. Picha inamwambia mtoto, wewe unajua. Katika nyumba ambamo neno la mkubwa likishatoka limetoka, si jambo dogo mtoto kuona kwa macho yake kwamba maneno yaliyopigwa chapa yanaweza kusema hivi na ukweli ukawa vile, na asichapwe mtu kwa kuligundua hilo. Nadhani ndiyo maana watoto hutaka ukurasa huohuo usomwe tena na tena. Wanataka kumshika mwandishi akisema uongo palepale alipousemea jana.

Lakini jicho la baba ndilo lililonikaa zaidi. Mtu mzima, nyumbani kwake, anacheka na mwanawe wa kumzaa, na anatazama njiani kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Nilijiuliza anaogopa nini.

Kicheko katika nyumba zetu kina wenyewe. Babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, humtishia kwamba mahari atalipa magunzi ya mahindi. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na kila akimwona humlaumu kwamba tangu wafunge ndoa hajaleta hata utumbo. Wanaitana wazee, wanaitana wenye meno ya kuazima, wanasemana matumbo na vipara, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu utani wao una kibali cha tangu zamani. Ni kibali kilekile kinachowaruhusu watani wa kabila kuingia msibani na kumwiga marehemu anavyotembea, wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Baba na mama wamo katikati ya vizazi hivyo viwili na kibali hawana. Wao wamekabidhiwa ada, daftari, fimbo, na swali la umeoga hujaoga. Baba akimtania mwanawe kama babu anavyomtania, watu watasema nyumba ile haina mkubwa. Kwa hiyo baba wengi tuliokua nao walichekea nje, kijiweni, kilabuni, pembeni ya bao, na wakakaribia nyumbani wakikunja uso hatua kwa hatua, hata mlangoni ukawa umekamilika. Sisemi walikuwa wabaya. Walikuwa zamu.

Huko juu, kwenye milima ya Umatengo, mahali ambapo watu hulima ngolo, mashimo yaliyopangwa mteremko mzima ili maji ya mvua yatuame badala ya kukimbia na udongo, jioni nazo zamani zilikuwa na mpango wake. Palikuwa na sengu: watu wa ukoo mmoja hukusanyika kwa mzee, kila nyumba ikaleta chakula ilichopika, wakala pamoja, na humohumo shauri la shamba, kosa la kijana na masimulizi vikapokezana. Ngano zilisimuliwa baada ya kazi, giza likishaingia, na msimuliaji akishaitikiwa hadithi njoo, alikuwa ametoka katika cheo chake. Mzee aliyeamua kesi ya mpaka alasiri, usiku anasema kwa pua kwa sababu sasa ni fisi. Profesa Joseph Mbele, mzaliwa wa huko Mbinga ambaye amefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha St. Olaf, Minnesota, alizikusanya ngano za Wamatengo na mwaka 1999 akazitoa katika kitabu kwa Kiingereza, Matengo Folktales. Leo mzazi wa Minnesota, theluji ikianguka dirishani, anaweza kumsomea mwanawe ujanja wa sungura wa Umatengo kwa urahisi kuliko mzazi wa Mbinga mjini. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sijawahi kuamua kama linanifurahisha au linaniudhi.

Sengu imepungua nguvu. Watu wametawanyika kutafuta ardhi, wengine wameshuka ziwani, wengine wamekwenda Songea, Makambako, Dar es Salaam. Bibi yuko kijijini, mjukuu yuko mjini, na kati yao ipo nauli. Hapo ndipo ninapoona kazi ya mbuzi wa kwenye basi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitabu cha kipuuzi ni mgeni wa namna hiyo: anaingia nyumbani akiwa na kibali cha utani ambacho baba hana, anakaa katikati ya baba na mtoto, na upuuzi wote unaosemwa unahesabiwa kuwa wa mgeni. Aliyesema kondakta ananuka vitunguu ni kitabu. Aliyetoa sauti ya mbuzi akicheua ni kitabu. Baba alikuwa anasoma tu. Kwa nusu saa amekaimu nafasi ya babu, bila kikao cha ukoo na bila mtu kumshtaki kwamba amejishusha. Jicho lile la kutazama njiani, nikilifikiria sasa, lilikuwa la kaimu aliyeketi kwenye kiti cha mwenyewe na bado hajazoea.

Wazungu nao wana mipaka yao, wasitudanganye. Marekani yupo mwandishi na mchoraji, Dav Pilkey, ambaye utotoni alikuwa akitolewa darasani kwa utundu, akawekewa meza kwenye korido. Hukohuko kwenye korido akaanza kumchora shujaa anayeruka angani amevaa chupi na pazia mgongoni. Kitabu cha kwanza cha shujaa huyo kilitoka mwaka 1997, watoto wakakigombania, na mwaka 2012 na 2013 mfululizo wake ukaongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi na watu wazima katika maktaba za nchi hiyo. Nimejaribu kumwazia baba wa Kimatengo akisoma habari za chupi kwa sauti, mama mkwe amekaa chumba cha pili. Haiwezekani, afadhali alale njaa. Ila mama mkwe mwenyewe, akiachwa na wajukuu peke yao, angeisoma yote, akaongeza na ya kwake.

Tena tusisahau kitabu kiliingiaje huku. Kilifika kikiwa kimekaza uso. Wamisionari Waanglikana walikuja na meli yao, Chauncy Maples, iliyoanza kuelea ziwani mwaka 1901 ikiwa kanisa, shule na zahanati kwa pamoja. Wabenediktini walikuwa wamekwisha kutua Peramiho tangu 1898. Kitabu kilikuwa cha sala, cha nyimbo, cha katekisimu. Baadaye kikawa cha mahudhurio na cha kodi. Kisha kikawa cha shule, na cha shule kilikaa kabatini kwa mwalimu mkuu, ufunguo mfukoni, kisije kikachanika. Mtoto aliyekutana na kitabu katika hali hiyo aliweka mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya kitu kile kunaweza kuwa na mbuzi.

Mbuzi, hata hivyo, amekuwa akipenya kwa njia zake. Mwaka 1940 ilichapwa London Elisi Katika Nchi ya Ajabu, hadithi ya Lewis Carroll kwa Kiswahili, na picha zikachorwa upya Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Nampenda aliyepata wazo lile, maana alielewa kwamba upuuzi hauchekeshi ukiwa umevaa viatu vya mtu mwingine. Abunuwasi alikuwepo, na ujanja wake uliokwenda mpaka kwa sultani. Kizazi cha wazazi wa leo kiliwakuta Bulicheka na Kibanga kwenye vitabu vya darasani, na ukitaka kuona watu wazima wakirudi utotoni, wataje hao wawili katika basi la kwenda Songea. Wakubwa nao walikuwa na gazeti. Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Baadaye akaja Kazibure wa Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Ndunguru: jina hilo ukiliita sokoni Mbinga, watageuka wengi. Magazeti hayo yalifika vijijini siku kadhaa baada ya kutoka, na yakishasomwa yakafungiwa maandazi na samaki. Wapo watu wa mwambao huu ambao kicheko chao cha kwanza cha kusoma kilikuwa na doa la mafuta katikati ya mchoro, na mpaka leo hawajui Chakubanga alijibu nini chini ya lile doa.

Halafu waliofika sekondari walikutana na Mabala the Farmer cha Richard Mabala, kijitabu chembamba chenye picha, sura fupifupi, mtu wa mjini anayegeuka mkulima bila kulijua jembe. Hebu fikiria kitabu kama hicho mikononi mwa watoto wa Mbinga, ambao katika umri wa miaka kumi wanajua ngolo inachimbwaje, nyasi hulazwa vipi na maharage yanafuata lini. Walikuwa na haki ya kumcheka Mabala kuliko watoto wote wa Tanzania. Lakini kilikuwa kwa Kiingereza, na mbele yake kulikuwa na mtihani. Taja sifa tatu za mhusika mkuu. Eleza dhamira. Ukimwambia mtu aorodheshe sababu za kitu kuchekesha, umekwisha kukizika. Wengi walikisoma huku kamusi iko kushoto, na kicheko kiliwafikia miaka mingi baadaye, wakiwa wameajiriwa, wakikumbuka ghafla kwenye foleni ya benki.

Sina ugomvi na shule. Shule ilitupa herufi, na bila herufi yule mvuvi asingekuwa na cha kusoma kibarazani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwaka 1991, ulinunua nakala za vitabu vya Kiswahili na kuzipeleka shuleni, na huenda mbuzi wetu alisafiri kwa njia ya namna hiyo kabla hajapoteza jalada. Ninachogombana nacho ni ule mstari wa mwisho. Waandishi wetu wengi wa watoto hawawezi kujizuia: nyani ameanguka mtini, watoto wanagaragara, na kabla kicheko hakijaisha mwandishi anapanda jukwaani kutuambia kwamba tamaa ni mbaya. Tumelelewa na methali ya mzaha mzaha hutumbua usaha, tukaambiwa na samaki mkunje angali mbichi, na wavuvi wa Lundu na Lituhi watakuambia kwamba samaki mbichi anakunjika, kweli, ila huliwa hatimaye. Sitaki mtoto aliyekunjwa mpaka hawezi kucheka bila kuambiwa faida yake. Kama mbuzi amekula tiketi, basi amekula tiketi. Wenye basi watajua wenyewe.

Kuna jambo jingine la vitabu hivi ambalo kando ya ziwa limekuwa na sura ya peke yake, nalo ni kukatwa kwao sura kwa sura. Hadithi fupi huisha usiku uleule. Kitabu cha sura humwambia mtoto tutaendelea kesho, na ahadi ni deni. Sasa, usipa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanaufuata mwanga, nyavu zinawazunguka. Ukisimama Mbamba Bay usiku kama huo utadhani upande wa pili kuna mji. Mwezi ukikua, taa hazina tena la kumwambia samaki, kwa kuwa mbingu yote imewaka, na wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu na kulala. Maana yake ni kwamba katika nyumba ya mvuvi wa usipa kitabu husomwa kwa mwezi. Mbuzi anapanda basi mwezi ukiwa mchanga, anakula tiketi mwezi mpevu, na kondakta anapoita polisi baba anakwenda ziwani. Mpaka mwezi urudi, mbuzi yuko mikononi mwa polisi. Siku nyingi hizo kwa mtoto wa miaka saba! Yule binti aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba baba akiwa hayupo yeye huendelea. Hajui kusoma vizuri, kwa hiyo huendelea kwa picha, na picha hazisemi mambo yote, kwa hiyo anayajaza. Katika kitabu chake mbuzi alikwisha kufungwa, akatoroka gerezani akiwa amevaa kofia ya askari, akapanda meli ya MV Mbeya II bila kulipa. Baba akirudi na kusoma yaliyoandikwa, mtoto husikiliza kwa uvumilivu, kama mtu anayesikiliza shahidi asiyekuwepo kwenye tukio.

Kwa watu wa milimani ni msimu wa kahawa unaokata sura. Kahawa ikishaiva, kuanzia katikati ya mwaka, mikono yote iko shambani, kisha kwenye kumenya na kuanika, na mzazi anayefungua kitabu saa mbili usiku husinzia kabla ya mhusika kumaliza kujikwaa. Watoto wa Mbinga wanajua kumwamsha mzazi kwa kiwiko. Naona hapo kitabu cha kipuuzi kinakishinda kitabu cha maana: cha maana kikikatika, hakuna anayekikumbusha.

Nikishuka kutoka Mbinga kwa barabara ya lami, kilomita 66 za kona, milima inafunguka ghafla na ziwa lote linajitandaza chini, na kila mara nawaza kwamba nchi hii imejaa vichekesho ambavyo hakuna aliyevichora. Chukua samaki wa kwenye mawe ya Mbamba Bay, wale wenye rangi za vitenge wanaosafirishwa mpaka Ulaya kukaa kwenye matangi ya vioo. Wengi wao hulea mdomoni. Mama hubeba mayai kinywani, vitoto vikianguliwa hukaa humohumo, na hatari ikipita karibu vilivyotoka hukimbilia ndani tena. Mama ambaye hawezi kugomba kwa sababu mdomo umejaa watoto: nani anahitaji kutunga zaidi ya hapo? Au kungu. Asubuhi unaona moshi mzito umesimama katikati ya maji, unaapa kuna meli inaungua. Kumbe ni vidudu, mamilioni kwa mamilioni, vimetoka majini kwa pamoja. Upepo ukivileta pwani watu huvikusanya, wakavifinyanga, wakavipika, wakala. Wingu limeliwa na kitoweo kimebaki. Mtoto wa Uswisi akisomewa hilo atadhani ni Nchi ya Ajabu.

Na Liuli je? Pale kuna mwamba uliochomoza majini, ambao Wajerumani waliutazama wakaona sanamu la Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa kunywa pamoja na Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen. Habari za vita ziliwafikia Waingereza kwanza. Rhoades akaja, akaanza kupiga mizinga, na mizinga ikakosa, ikakosa, mpaka mmoja ukapata. Berndt, ambaye hakuwa amesikia kuna vita, akaruka ndani ya kamtumbwi, akapiga kasia kwa hasira mpaka kwenye meli ya rafiki yake, akamuuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na kwamba tangu hapo yeye ni mateka. Uingereza magazeti yakatangaza ushindi wa majini. Ni sura nzima ya kitabu cha watoto, picha zimejichora zenyewe: mwamba umekaa pembeni unatazama, samaki wamejaza midomo, na wavuvi wa Liuli wameshika makasia yao wakijiuliza hawa wageni wana nini.

Najua yaliyofuata. Vita ile iliwabebesha watu wa Kusini mizigo isiyo yao, ikala chakula chao, ikawazika njiani, tena ikiwa ni miaka michache tu tangu Maji Maji na njaa yake. Kuna atakayesema si vema kumchekesha mtoto na mwanzo wa jambo lililokwisha vile. Nimelipima, na bado ningetaka kitabu hicho kiwepo. Watani wetu huingia msibani wakicheka, wala hatujawahi kusema hawamjui marehemu. Mtoto anayeanza kwa kumcheka Berndt kwenye kamtumbwi atauliza, siku moja, na sisi tulikuwa wapi kwenye picha. Na atakuwa ameuliza kwa sababu alitaka kujua, hakulazimishwa na mtihani wa historia.

Mbinga mjini, karibu na stendi, niliingia duka la steshenari nikaomba kitabu cha watoto cha kuchekesha. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinionyesha mazoezi ya darasa la nne, maswali na majibu ya darasa la saba, chati ya wanyama. Nikamwambia nataka cha kucheka. "Cha kucheka kwa ajili ya darasa la ngapi, mzee?" Nikasema la nyumbani. Akanitazama, akaniuzia daftari.

Siku iliyofuata nilikuwa mgeni kwenye nyumba moja upande wa Maguu. Mama wa nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa jikoni anasonga ugali. Mtoto wa kiume wa darasa la tatu amelala kifudifudi kwenye mkeka, anamsomea bibi yake kijitabu cha fisi aliyeanguka kisimani akitaka kula mwezi. Alisoma vizuri. Bibi alikuwa anachambua maharage, anasikiliza, na kadiri fisi alivyokaribia kisima ndivyo uso wake ulivyozidi kukataa. "Nani kaandika huo uongo?" akauliza. "Fisi hakuanguka hivyohivyo. Walimsikia. Alijamba kwanza, sungura akajua yuko wapi." Jikoni mwiko ukasimama. "Mama!" Bibi akaendelea kuchambua. "Mume wangu, andika hapo, kitabu kisije kikapotosha watu." Mtoto alikwisha kushika penseli, ameinamia ukingo wa ukurasa, ulimi umemtoka kidogo. "Bibi, alijamba ina herufi ngapi?" Bibi hakusoma shule. Akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Muulize mwalimu wako yule."